Mtunza Daftari Naye ni Mtaalamu



Wengi wetu hudhani kuwa sayansi ni kazi ya mtu mmoja mwenye kipaji, na kwamba anayeandika takwimu ni karani tu. Dhana hii haina budi kusahihishwa, na historia ya utungishaji wa mimba nje ya mwili yatosha kuisahihisha.

Robert Edwards alizaliwa Uingereza mwaka 1925. Alianza na masomo ya kilimo, akahamia elimu ya wanyama, na mwaka 1955 akapata shahada ya udaktari mjini Edinburgh kwa utafiti wa panya. Yeye na mkewe, Ruth Fowler, walionyesha kuwa homoni zaweza kuwafanya panya wakomavu watoe mayai mengi kwa wakati uliopangwa. Kutoka kwa panya aliingia katika uzazi wa binadamu.

Mwaka 1968 alianza kushirikiana na Daktari Patrick Steptoe wa Oldham. Mwaka huohuo muuguzi Jean Purdy aliajiriwa kuwa msaidizi wake wa maabara. Purdy ndiye aliyetunza madaftari ya wagonjwa, mayai na matokeo. Hata Baraza la Utafiti wa Tiba lilipowanyima fedha mwaka 1971, kazi haikusimama.

Tazameni hesabu yenyewe. Kati ya mwaka 1969 na 1978 walihudumiwa wanawake 282. Viinitete vilipandikizwa mara 112. Mimba zilizotunga ni 5; watoto waliozaliwa hai ni 2, wa kwanza akiwa Louise Brown, tarehe 25 Julai, 1978.

Mwenye haraka ataona humo kushindwa kutupu. Lakini kushindwa kulikoandikwa kwa uaminifu ni mwalimu. Baada ya kuyapima matokeo hayo, watafiti waliacha kutumia homoni kwa mama yake Louise, wakafuata mzunguko wake wa asili.

Purdy alifariki mwaka 1985 akiwa na umri wa miaka 39. Edwards alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Jina la Purdy liliwekwa katika kibao cha kumbukumbu huko Oldham mwaka 2015, ingawa Edwards alikuwa amelidai tangu zamani.

Ndugu zangu, anayejaza rejista ya shule au faili la mgonjwa asijidharau, wala mkuu wake asimsahau. Asiyeandika kosa lake hulirudia.