Maneno Matano ya Kidato cha Kwanza

Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kule Nyabusozi, wilayani Biharamulo, amefundishwa Hisabati na Sayansi kwa Kiswahili, na nyumbani huenda anazungumza Kishubi, Kihangaza au Kisukuma. Akiingia kidato cha kwanza, Baiolojia na Jiografia zinamjia kwa Kiingereza, lugha aliyozoea kukutana nayo katika somo moja tu. Kozi ya awali ya wiki chache humsaidia, lakini haizibi pengo lote.

Ndiyo maana ushauri wa kujifunza maneno machache ya Kiingereza kila siku unastahili kusikilizwa Ngara na Biharamulo. Hauhitaji intaneti; daftari na kalamu vinatosha. Maneno matano kwa siku ni 1,825 kwa mwaka. Idadi hiyo si haba: mwaka 1953, Michael West, Mwingereza aliyewahi kufundisha Bengal, alitoa orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yanayotumika zaidi. Katika maandishi ya kawaida, maneno hayo huchukua takriban manane kati ya kila kumi.

Swali ni yapi yaanze. Kufungua kamusi na kukariri kuanzia A ni kujichosha bure. Afadhali mwanafunzi aanze na yale yanayotangulia maswali ya mtihani: “explain”, “describe”, “compare”, “mention”. Anayefahamu vizuri jinsi mmea unavyojitengenezea chakula anaweza kupoteza alama kwa kutaja tu mambo pale alipotakiwa kuyaeleza. Hilo linauma, maana maarifa anayo.

Halafu kuna kurudia.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yake mwenyewe, na mwaka 1885 akachapisha matokeo: sehemu kubwa ya alichokariri ilipotea ndani ya saa na siku za mwanzo, na marudio yaliyoachanishwa kwa siku kadhaa yalimfaa kuliko kukariri kwa mkupuo. Basi maneno ya Jumatatu yarudiwe Jumatano, kisha wiki inayofuata, tena ndani ya sentensi zinazohusu mambo anayoyaona mwanafunzi: migomba, kahawa, malori ya mpakani Rusumo.

Mzigo huu usiachiwe mwalimu wa Kiingereza peke yake. Wa Jiografia aandike neno lake ubaoni kabla ya kipindi, wa Baiolojia la kwake, wanafunzi wayatamke kwa sauti, na kabla ya kengele kila mmoja awe ametunga sentensi yake.