Mfereji wa Ikowa Huanzia Vilimani



Ugogo ni nchi ya mvua haba. Dodoma hupata milimita 570 hivi kwa mwaka, nazo hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Ndiyo sababu wazee walitegemea uwele, mtama na ng'ombe. Hata hivyo njaa iliwafikia, na ile ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, haijasahaulika.

Kwa hiyo bwawa la umwagiliaji lililojengwa Ikowa mwaka 1957, katika sehemu ambayo leo ni Wilaya ya Chamwino, lilileta jambo geni: kilimo kisichongojea mawingu. Mfereji nao una tabia zake. Anayelima kwa mvua aweza kufanya kazi peke yake. Anayelima kwa mfereji hawezi. Mmoja akizembea kuzoa matope mbele ya shamba lake, aliye chini yake hukosa maji. Aliye karibu na bwawa akifungulia maji nje ya zamu, aliye mwishoni hubaki na ardhi iliyopasuka. Hapo ujirani hugeuka kuwa sheria.

Lakini ujirani wa kando ya mfereji peke yake hautoshi. Wataalamu waliochunguza mabwawa manne ya Dodoma, likiwamo la Ikowa, walieleza mwaka 1972 jinsi yalivyokuwa yakijaa udongo. Mtu angedhani kuwa chanzo ni makorongo makubwa yanayoonekana kwa macho. Sivyo. Sehemu kubwa ya udongo ilitoka katika mashamba na malisho yaliyo wazi, ikisombwa tabaka jembamba baada ya jingine na mvua za mwanzo, kabla mimea haijafunika ardhi. Eneo linaloleta maji Ikowa lina kilomita za mraba zipatazo 640. Hivyo mkulima au mchungaji wa mbali, asiyewahi kuchota hata tone la mfereji, ndiye aliyeshika uhai wake mkononi.

Kondoa ilitoa funzo jingine. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika kilomita za mraba 1,256. Nyasi na miti ikarudi. Lakini gharama ya uponaji huo iliwaangukia wenye mifugo. Ardhi yaweza kupona. Haki ndiyo inayosahaulika upesi.

Basi afisa asipime mradi kwa urefu wa mfereji tu. Aulize pia watu wa juu watapata nini wakiitunza miteremko yao. Naye mwalimu awatoe wanafunzi darasani siku ya mvua ya kwanza, wayaone maji mekundu yakishuka. Wekundu ule ni shamba la mtu, nalo liko njiani kwenda kuzika bwawa la mwingine.