Siku Moja ya Daktari kwa Maskini

Haya ni maneno ya hotuba kwa watu wa Nyaramba, Nyamira, na kwa madaktari wao walio karibu na walio mbali.



Zamani wazee wa Gusii walikuwa na risaga. Majirani walikusanyika wakalima shamba la mmoja wao leo, na siku nyingine la mwenzake. Nataka kuwaombeni risaga ya namna hiyo katika kazi ya utabibu.

Twajua kwamba Serikali imejaribu mara nyingi. Mwaka 1965 ada ya mgonjwa asiyelazwa iliondolewa. Mwaka 1989 ikarudishwa. Mwaka 2004 ikawa shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika kituo cha afya, na mwaka 2013 ada hizo zikafutwa. Tangu Oktoba 2024 iko Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo mchango wake si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Lakini mchuma chai anayelipwa kwa kilo hana budi kutafuta nauli kwanza, na dawa ikiwa imekwisha zahanati, huambiwa akanunue dukani. Hapo ndipo wengi hurudi nyumbani.

Hatari kubwa ni ya maradhi yasiyopiga kelele. Shinikizo la damu mara nyingi haliumi. Mama huendelea kulima na kubeba mzigo mpaka siku anapopooza upande mmoja. Kumpima mapema ni kazi ya dakika chache. Kumwuguza baadaye ni kazi ya miaka, na shamba huuzwa.

Basi, madaktari, siwaombi mfanye kazi bure kila siku. Nanyi mna watoto na madeni. Mgomo wa siku 100 uliokwisha Machi 2017 ulitufundisha kwamba mshahara wa daktari ni deni la Serikali, wala hisani yenu isiwe kisingizio cha kutolilipa. Naomba siku moja tu kwa mwezi, siku ile ile, ijulikane sokoni na kanisani.

Tena jambo hili lifanywe kwa taratibu. Daktari afikaye mara moja, akapima watu wengi, kisha akaenda zake, hajamponya mwenye kisukari, maana dawa yake ni ya kila siku. Afanye kazi pamoja na wauguzi wa zahanati, na aandike yote katika daftari la mgonjwa. Asilete dawa zinazokaribia kuharibika. Akiona ugonjwa wa kupasuliwa, ampe mgonjwa barua ya kwenda hospitali.

Na ninyi wananchi, msimwachie daktari mzigo wote. Jiandikisheni SHA. Mwenye duka na gari asisimame katika mstari wa maskini. Wazee wa kijiji wajue ni nani asiye na mtu wa kumpeleka.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kwamba kila mtu ana haki ya afya bora, wala asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria hiyo iliandikwa Nairobi, na mgonjwa yuko huku vilimani. Katikati anatakiwa mtu wa kuileta. Kwa hivyo, daktari, ujapo Desemba kuwatazama wazazi wako, njoo na kipimo chako, ukawatazame na majirani zao.