Saratani Ikimkuta Mtu wa Mbangala: Nani Anagharamia Njia?



Leo nazungumzia fedha, maana ukosefu wa fedha huwarudisha wagonjwa wetu nyumbani kabla tiba haijakwisha.

Tumchukue mama wa Mbangala, mkoani Songwe, mwenye saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Ataanzia zahanati, apelekwe Mkwajuni, kisha Mbeya akakatwe kinyama cha kupimwa. Majibu hayatoki siku hiyo. Atalala kwa watu au atarudi nyumbani na kulipa nauli upya. Saratani ikithibitika, ataambiwa aende Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa peke yake nchini kutoa mionzi, hadi Hospitali ya Bugando ya Mwanza ilipoongezeka. Kutoka Tunduma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 900, na huyu mama hata Tunduma hakai.

Mionzi yenyewe hupigwa Jumatatu hadi Ijumaa, kwa kawaida majuma kama matano, na baadaye huja mionzi ya ndani. Dakika chache kwa siku, kisha mgonjwa anatoka. Anatoka kwenda wapi? Anahitaji chumba, chakula na daladala, tena kwa watu wawili, kwa sababu ni vigumu kusafiri na ugonjwa huu bila msindikizaji. Msindikizaji naye ameacha shamba la ufuta au duara la kuchimbia dhahabu. Kwanza wanauzwa mbuzi, kisha gunia la mpunga, mwishoni shamba. Kaya iliyokuwa ikijimudu inabaki haina pa kulima, hata kama mgonjwa amepona.

Msamaha wa matibabu upo. Unapata barua kwa mtendaji wa kijiji, unaipeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ni utaratibu wa utu, nausifu kwa moyo wote. Ila barua ile inaishia kwenye dirisha la malipo. Kondakta wa basi haipokei, mwenye nyumba ya kulala wageni haipokei. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, uliokuwa wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, nao ulikuwa ukiishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ni hatua kubwa, lakini bima hulipa hospitali. Kwa hiyo nasema wazi: nauli na malazi yahesabiwe kuwa sehemu ya tiba.

Si jambo geni kwetu. Wajawazito wanaotoka mbali tumewajengea nyumba za kusubiria karibu na hospitali. Kwa watoto wenye saratani wanaotibiwa Muhimbili, taasisi ya Tumaini la Maisha inatoa malazi kwao na wazazi wao, kwa sababu mzazi aliyekosa pa kulala humwondoa mtoto kabla ya dozi kwisha. Na kaya maskini tunazijua: Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulizitambua kupitia mikutano ya vijiji vyetu wenyewe.

Ipo pia njia ya kuipunguza safari yenyewe. Mlango wa kizazi huweza kuchunguzwa kwa siki, na dalili za awali zikatibiwa hapahapa mkoani. Chanjo ya HPV, ya kuikinga saratani hii, kwa wasichana inatolewa nchi nzima tangu 2018. Wazazi, msiwafiche mabinti.

Waheshimiwa madiwani, bajeti ijayo ya halmashauri iwe na kifungu cha nauli na malazi kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa rufaa nje ya mkoa. Fedha ziingie kwenye simu ya mgonjwa kabla hajapanda basi, akiwa na barua ya rufaa na barua ya mtendaji, basi. Msimwombe stakabadhi za safari ambayo hajaweza kuianza.