Akiba ya Petroli Bado Si Faida

(Hotuba ya mweka hazina wa kikundi kimoja kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliokutana katika ukumbi wa kanisa, Tala. Imefupishwa kidogo.)



Nimeombwa niseme juu ya magari ya haibridi, kwa maana nasikia vikundi kadhaa hapa vinataka kununua gari la familia la viti saba ili walikodishe. Mimi si fundi, mimi ni mweka hazina. Nitawaambia yale niliyoyaona katika daftari, na yale fundi alinifundisha baada ya sisi kuumia.

Haibridi ni nini?

Ni gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, na betri kubwa ya kuweka umeme huo. Wengi huniuliza, "Mama, sasa tutalichaji wapi na stima hupotea kila siku?" Haya tunayoyaona sana hapa, kama Toyota Noah haibridi, hayachajiwi kwa waya. Yanajichaji yenyewe.

Mnakumbuka ile dinamo ya baiskeli? Ukiibonyeza kwenye tairi, taa inawaka, lakini pedali inakuwa nzito. Uzito ule ndio umeme. Basi dereva wa haibridi akikanyaga breki au akiteremka mlima, mota inageuka kuwa dinamo. Inapunguza mwendo wa gari na wakati huo huo inajaza betri. Katika gari la kawaida nguvu hiyo hupotea bure kama joto la breki. Halafu gari likiwa kwenye foleni, injini inazima, na linasogea kwa umeme pole pole.

Jambo hili si jipya. Toyota walianza kuuza Estima haibridi huko Japani mwaka 2001. Noah haibridi ya injini ya lita 1.8 ilitoka mwaka 2014. Kwa vipimo vya Japani vya wakati huo iliandikiwa kilomita 23.8 kwa lita moja, na Noah ya petroli ya lita 2.0 iliandikiwa 16. Lakini msichukue hesabu hiyo mkaipeleka kwa benki! Vipimo vile hufanywa ndani ya jengo, gari likiendeshwa juu ya magurudumu ya mashine. Hakuna matope pale, hakuna mlima, na hakuna abiria saba na kuku wao.

Pimeni wenyewe

Jazeni tangi mpaka mashine ya petroli ikate yenyewe. Andikeni kilomita. Endesheni wiki nzima. Jazeni tena katika kituo kile kile, mpaka ikate. Gawanyeni kilomita mlizotembea kwa lita mlizoongeza. Basi, hiyo ndiyo hesabu yenu. Sisi tulipata kilomita 15 kwa lita. Gari la petroli tulilokuwa tukikodi kabla ya hapo lilikuwa likienda 10.

Na si kila safari inaokoa sawa. Kutoka hapa Tala kupita Joska na Malaa, barabara ni wazi na injini inafanya kazi karibu wakati wote, kwa hivyo akiba ni ndogo. Ukifika Ruai na Njiru, kwenye foleni ya simama-enda, hapo ndipo haibridi inakula kidogo kuliko lile lingine. Dereva akipenda kukimbia na kukanyaga breki kwa ghafla, akiba yote inaisha njiani.

Kosa letu

Mwaka wa kwanza tulifurahi sana. Kila mwezi nilikuwa nikiandika akiba ya petroli kama faida, na mwezi wa Desemba tukagawana yote. Mwenye kulipa karo alilipa, mwenye kununua mbuzi alinunua.

Mwezi wa Machi taa ya tahadhari ikawaka. Dereva alisema gari bado linakwenda, akaendelea wiki nzima. Siku moja likasimama karibu na Kamulu likiwa na mama mmoja aliyekuwa akimpeleka mtoto kliniki. Tunashukuru kwamba alipata matatu akafika. Lakini gari letu lilivutwa kwa kamba mpaka gereji.

Fundi akatuonyesha. Ile betri kubwa ina feni ya kuipoza, na tundu la kuvutia hewa. Tundu letu lilikuwa limeziba kwa vumbi la barabara ya murram, na mbele yake tulikuwa tumezoea kuweka magunia. Betri ilipikika pole pole mpaka ikafa. Na mfuko wa kikundi ulikuwa hauna kitu, kwa sababu tulikwisha gawana. Gari lilikaa miezi minne gereji, na mkopo wa sacco uliendelea kudai kila mwezi. Wanachama wawili walitoka katika kikundi, na sikuwa na neno la kuwajibu, kwa maana hesabu niliiandika mimi.

Hesabu iliyo sawa

Chukueni kalamu. Bei za petroli hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi na hubadilika, lakini kwa mfano tuseme lita ni shilingi 180. Tuseme betri ni shilingi 200,000 na inadumu miaka mitatu kwa kazi ya kukodisha. Tena tuseme haibridi inauzwa shilingi 300,000 zaidi ya lile la petroli. Ninyi mtaweka bei zenu baada ya kuulizia kwa mafundi watatu.

Mfano wa kwanza: gari linatembea kilomita 100 kwa siku, siku 24 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 2,400. La petroli litakunywa lita 240, haibridi lita 160. Tofauti ni lita 80, yaani shilingi 14,400 kwa mwezi. Hapa ndipo sisi tulipiga makofi. Lakini toeni shilingi 6,000 za fungu la betri. Zinabaki 8,400. Sasa ile bei ya ziada ya 300,000 itarudi baada ya muda gani? Karibu miezi 36. Miaka mitatu! Faida yenyewe inaanza hapo.

Mfano wa pili: gari linatembea kilomita 40 tu kwa siku, kwenda sokoni, arusi za Jumamosi, na kanisani. Hizo ni kilomita 960 kwa mwezi. La petroli lita 96, haibridi lita 64. Tofauti ni lita 32, yaani shilingi 5,760. Hata fungu la betri halijatimia! Na msiseme betri haitazeeka kwa sababu gari halitembei sana. Betri huzeeka kwa miaka pia, na kwa joto.

Mnaona sasa? Gari ni lile lile, lakini kikundi kimoja kinapata na kingine kinapoteza. Kinachoamua ni kilomita mtakazotembea. Kama kazi yenu ni ndogo, nunueni la petroli lililotunzwa vizuri, au endeleeni kukodi. Si aibu.

Mambo ya kukumbuka

1. Gari likiletwa kutoka Japani, sheria yetu inaruhusu mpaka miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo betri yaweza kuwa mzee kabla haijafika Mombasa. Kabla ya kulipa, mwende na fundi wenu wenyewe mwenye kompyuta ya kusoma hali ya betri, asiwe fundi wa muuzaji.

2. Safisheni tundu la hewa na feni ya betri mara kwa mara, hasa wakati wa kiangazi. Msiweke mzigo mbele yake.

3. Taa ya tahadhari ikiwaka, gari lipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo.

4. Betri kubwa imeundwa kwa vipande vingi vilivyounganishwa. Fundi anaweza kubadilisha kipande kimoja kilichokufa, na ni bei ya chini, lakini vipande vingine ni vizee vile vile. Ni nafuu ya muda tu.

5. Nyaya nene za rangi ya chungwa zina umeme wa zaidi ya volti 200, na huo unaua. Asiguse mtu ambaye hajafundishwa, hata kama ni fundi hodari wa matatu.

6. Iko pia betri ndogo ya kawaida. Ikifa hiyo, gari haliwaki, hata kama ile kubwa imejaa. Msiuziwe betri kubwa kabla ya kupima hii ndogo.

7. Bima ya gari la nyumbani hailipi abiria waliotoa nauli. Ulizeni kabla ya kubeba mtu wa kwanza.

Kwa upande mwingine, breki zetu zimedumu kuliko za lile la kukodi, kwa sababu mota inasaidia kupunguza mwendo. Nalo jambo hilo niliandika katika daftari, maana zuri pia liandikwe.

Sisi leo

Gari letu bado linatembea. Lakini sasa pesa za betri zina akaunti yake, yenye sahihi tatu. Hakuna anayekopa humo, hata mwenyekiti, hata mimi. Kila mkutano ninasoma hesabu mbili: kwanza fungu la betri, halafu ndiyo faida. Mwanzoni wengine walinung'unika. Siku hizi wao ndio huniuliza, "Betri imefika ngapi?"

Ndugu zangu, kununua gari mnaweza. Ila msigawane akiba ya petroli mpaka betri ipate fungu lake kwanza.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Gari letu litatembea kilomita ngapi kwa siku kweli kweli, si kwa kutamani?
2. Tofauti ya petroli itakuwa shilingi ngapi kwa mwezi? Je, inapita fungu la betri?
3. Gari likilala gereji miezi minne, mkopo utalipwa na nini?
4. Nani atatunza akaunti ya betri, na nani atamkagua?