Mshauri Akiumia, Kazi ya Komini Isilale

Ndugu zangu wa machimbo na wa mji,

Bukavu ina komini 3: Ibanda, Kadutu na Bagira. Tarehe 20 Desemba 2023 watu wa miji mikuu ya majimbo walipiga kura kuchagua washauri wa komini. Mshauri ni nani? Ni yule anayeamshwa usiku mvua inapobomoa mteremko, moto unapokula nyumba za mbao, au bomba linapokauka.

Mtu huyo hupanda na kushuka matope kila siku. Akiteleza akavunjika mguu, je, mfereji utamngoja apone?

Tazameni hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Pale wanawake walioumizwa na vita hawatibiwi mwili tu. Hufarijiwa, hufunzwa kazi, husaidiwa mbele ya sheria. Mtu haponi peke yake.

Nanyi wa machimbo mnajua: jiwe likimwangukia mmoja, wenzake humtoa, kisha hutegemeza dari.

Basi mshauri akilala kitandani, tumpelekee uji na makaa. Na siku ya salongo tutoke wote na majembe, tuzibue mfereji. Akisikia maji yanapita, moyo wake utatulia, na mguu utapona.