Mpira: Mmea wa Msituni na Safari ya Neno

Mzungumzaji wa Kiswahili asikiapo neno mpira hufikiria kwanza uwanja, magoli na watazamaji. Hata hivyo, neno hilo ni jina la mmea utambaao, ambao wanabotania huuita Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk, mwakilishi wa Uingereza aliyeishi Zanzibar katika karne ya 19.

Mmea huu huota katika misitu na vichaka vya pwani, kuanzia Kenya hadi Msumbiji na kuendelea kusini. Mahali palipo wazi huwa kichaka tu. Penye miti mirefu hujizongazonga na kuikwea hadi kileleni kutafuta mwanga. Gome lake likichanjwa hutoa utomvu mweupe unaoganda upesi. Wagemaji waliuviringa utomvu huo ukawa matonge ya duara, na kwa umbo hilo ukauzwa. Hapa ndipo maana zinapofuatana: mmea, kisha zao lake, kisha kitu cha duara kinachodunda, na hatimaye mchezo wenyewe.

Sarufi nayo ina la kusema. Mbungo, mmea wa jamii hiyohiyo, huzaa bungo, na wingi wake ni mabungo; tunda limehamia ngeli nyingine, kama embe lilivyoachana na mwembe. Zao la mpira halikuhama. Husemwa mpira umepasuka, mipira imepasuka, kwa upatanisho uleule wa mmea. Ni kweli kwamba ngeli hiyo ina nomino nyingi zisizo za mimea, kama vile mkate na mfuko. Kwa hiyo ngeli pekee haitoshi kuwa ushahidi. Ushahidi kamili unahitaji mmea wenyewe na watu wanaoujua.

Bei ya mpira iliporomoka mwaka 1913, mashamba ya Asia yalipolijaza soko, na ugemaji wa msituni ukafifia. Siku hizi misitu ya pwani inafyekwa kwa ajili ya mashamba na mkaa. Msitu ukitoweka, maana ya kwanza ya neno hubaki kamusini bila shahidi. Kwa hiyo, mtunga kamusi anapaswa kuandamana na mwanabotania na mwenyeji wa msitu, ayaandike majina ya mimea pale inapoota. Neno lisilo na mmea wake ni kama mtambazi usio na mti wa kukwea.